Tonge la Kadhi na Glasi ya Dawa

Mwaka wa 1980 mambo mawili yalitokea Kenya, na sijawahi kuona mtu akiyaweka kwenye ukurasa mmoja. La kwanza, Bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Kuipika, kuiuza, hata kupatikana nayo tu, yote yakawa makosa. La pili, mkahawa wa Carnivore ulifunguliwa Lang'ata, ng'ambo ya Mbuga ya Nairobi ukitazama kutoka kwetu Kitengela. Watalii wakaujua kwa nyama ya kuchoma, na kwa kinywaji kimoja kikali chenye ndimu na asali ambacho hapo ndipo kilipopatia umaarufu. Kinaitwa dawa.

Pombe kali mbili, jiji moja, mwaka mmoja. Moja ikapelekwa kortini, nyingine ikapewa jina la hospitali.

Nimekuwa nikifikiria sana huo mwaka kwa sababu ya Vioja Mahakamani. Wale mliozaliwa baada ya 2005 labda mnaijua kama ile kitu wazazi hutuma kwenye grupu ya familia. KBC wameweka sehemu nyingi YouTube, na sisi, watu watano tunaoishi kwa ploti moja hapa Kitengela, tuliamua kuirudia jioni za Jumamosi, laptopu juu ya stuli, kila mtu na jukumu lake. Jukumu langu ni kinywaji na kitu kitamu. Ninaandika kwa kulipwa kwa makala, nilikuwa nasoma historia chuoni kabla karo haijaisha, kwa hiyo kila nikipewa kazi ya jikoni naigeuza kuwa utafiti. Marafiki zangu wamezoea.

Tuanze na glasi. Dawa haina siri yoyote. Chukua ndimu moja, ikate vipande vinne au sita, tupa ndani ya glasi fupi yenye kitako kizito pamoja na kijiko kidogo cha sukari. Ponda kwa mchi mdogo ama kwa nyuma ya mwiko, lakini usiponde kwa hasira, ganda likivunjika sana linatoa uchungu. Jaza barafu iliyopondwa. Mimina vodka mililita 60. Halafu kijiti: unakichovya kwenye asali nzito, unakizungusha mpaka kibebe mzigo, unakitumbukiza ndani na kumwachia mnywaji. Kadiri anavyokoroga ndivyo utamu unavyopanda, kila mtu anajipimia dozi yake. Hapo ndipo mzaha wa jina unapokaa.

Mbrazili ukimpa hii atakuambia ni caipirinha iliyobadilishwa nguo, na hatakosea. Caipirinha ni ndimu, sukari, barafu na cachaça. Huku Nairobi vodka ilichukua nafasi ya cachaça, na asali ikaongezwa. Sasa cachaça yenyewe ni nini? Ni maji ya miwa yaliyochachushwa, yakachemshwa, mvuke wake ukapozwa ukawa matone. Chang'aa nyingi ya Kenya ni nini? Ni sukari nguru ama molasi, yaani miwa, au nafaka, iliyochachushwa, ikachemshwa, mvuke ukapozwa ukawa matone. Kwa ukoo, dawa iko karibu na chang'aa kuliko ilivyo karibu na vodka. Ndio maana mimi hutumia Kenya Cane, ambayo ni pombe ya miwa. Hakuna mtu kwa ploti amelalamika bado.

Asali natoa Kajiado, ya nyuki wa migunga. Ni nyeusi kiasi, na ina harufu ya moshi kwa sababu wengi bado wanarina kwa moto. Hii asali ilikuwa pombe kabla Carnivore haijafikiriwa. Wamaasai wana pombe yao ya asali, ya sherehe, ambayo wazee huinyunyiza wakibariki watu. Wakikuyu wana muratina, inayochachushwa kwa lile tunda refu kama soseji kubwa, na hadi leo mahari ya heshima haikamiliki bila pombe. Wakamba pia wana yao. Zote zilikuwa na utaratibu wa nani anakunywa, lini, na nani anatangulia. Vijana na wanawake wengi walikuwa mwisho wa foleni ama nje ya foleni kabisa. Kwa hiyo usije ukaniambia zamani kila mtu alikunywa kwa raha. Msichana wa miaka ishirini na kitu mwenye glasi mkononi mbele ya televisheni hayumo kwenye utaratibu wa babu yoyote ninayemjua.

Kisha mzungu akaja na utaratibu wake. Mwaka wa 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels kuzungumzia biashara ya watumwa, na ndani ya mkataba huo wakaweka vipengele vya pombe kali: ukanda wa Afrika kuanzia digrii 20 kaskazini hadi digrii 22 kusini, pombe ya kutoneshwa izuiliwe kwa wenyeji ama itozwe ushuru. Kitengela na Kajiado ziko ndani ya huo ukanda, na kule mtu alikuwa amechora mistari miwili tu kwenye ramani. Mkataba mwingine wa 1919 ukaendeleza hayo hayo. Katika koloni la Kenya maana yake ilikuwa rahisi kuelewa: pombe kali ni ya mzungu. Hata bia ya chupa Mwafrika hakuruhusiwa kuinunua kwa miaka mingi. Mlango wa bia ulifunguliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na ule wa pombe kali ukasubiri hadi miaka ya 1950.

Kwa hiyo Kenya Breweries ilipoanzishwa 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst, haikuwa inatupikia sisi. George aliuawa na ndovu mwaka uliofuata akiwa mawindoni, na bia ikapewa jina la Tusker kwa kumbukumbu yake. Hiyo hadithi kila mtu anaijua, imekuwa tangazo. Hadithi ambayo haina tangazo ni ya wanawake wa Kinubi wa Kibera, familia za wanajeshi wa King's African Rifles, ambao miaka hiyo hiyo walikuwa wakitonesha pombe kali iliyojulikana kama jini ya Wanubi. Serikali iliwakimbiza, wakaendelea. Hii ndiyo mama mzazi wa chang'aa ya Nairobi. Ilikuwa biashara ya wanawake tangu mwanzo, na sababu haihitaji profesa: unahitaji sufuria, moto, maji, na sehemu ya kujificha. Shamba halihitajiki, na wanawake wengi wa mjini hawakuwa nalo.

Baada ya uhuru kulikuwa na njia zaidi ya moja. Uganda, katikati ya miaka ya 1960, ilitunga sheria ya enguli: wapishi wa kijijini wapewe leseni, wakiuzie kiwanda, kiwanda kisafishe, kiweke kwenye chupa. Kutoka hapo ndipo Uganda Waragi ilikuja, na leo inauzwa hata hapa Kitengela kwa rafu ileile na vodka. Tanzania nayo ikawa na Konyagi yake. Sisi tulichagua korti.

Si kwamba chang'aa haiui. Novemba 2000, kwenye mitaa ya Mukuru, Nairobi, kumi kumi iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100, na wengine wengi wakapofuka. Methanoli huchemka kwa digrii 65, pombe ya kawaida kwa 78, kwa hiyo wapishi wengi huamini sumu hutangulia kutoka, na mpishi mwangalifu humwaga matone ya kwanza. Shosho yangu alikuwa akiyamwaga kwa moto, yawake, watu waone. Lakini kumi kumi haikuwa shida ya matone ya kwanza tu, ilikuwa watu kununua methanoli ya viwandani na kuichanganya ili ipige haraka. Ukipiga marufuku kitu ambacho watu wanaendelea kukinywa, hakuna anayekipima.

Nimemtaja shosho, acha nimalize. Alikuwa akiishi Kajiado, karibu na reli, ile inayotoka Konza kwenda Magadi kubeba magadi. Wateja wake walikuwa wafanyakazi wa reli, wachuuzi wa ng'ombe siku ya soko, na mwalimu mmoja. Hiyo chang'aa ndiyo iliyosomesha mama yangu. Mwaka wa 1987 askari waliingia usiku, wakabeba pipa kama kielelezo, na kwa njia isiyoelezeka kielelezo kilipofika kortini kilikuwa kimepungua. Shosho alisomewa mashtaka kwa Kiswahili ambacho hakukielewa vizuri wakati huo. Mwanamke waliyelala naye seli alikuwa amemwambia, ukiulizwa sema "ni kweli," inaisha haraka. Akasema ni kweli. Ikaisha haraka. Faini iliuza mbuzi wote, na mama alikaa nyumbani muhula mzima. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Televisheni ilikuwa imefika Kenya 1962. Serikali ikaichukua 1964 na kuiita Voice of Kenya, na haikuwa na mshindani kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano. Kule Kajiado, mtaani kwao mama, kulikuwa na moja, ya mwenye duka, iliyotumia betri ya gari. Jioni watoto walijaa sakafuni na watu wazima wakasimama mlangoni. Stesheni moja, kwa hiyo hakuna ugomvi wa rimoti. Vitimbi na Vioja Mahakamani ndivyo vilivyokuwa vinaangaliwa na kila mtu, kwa sababu vilikuwa kwa Kiswahili na vilikuwa na watu wanaozungumza kama sisi, kila mmoja na lafudhi ya kwao.

Kama hujawahi kuona Vioja, mpango ni huu. Ni korti. Kuna hakimu, na kwa miaka mingi hakimu tunayemkumbuka ni Lucy Wangui, ambaye uso wake haukubali kucheka. Kuna mwendesha mashtaka. Kizimbani anapanda mmoja wa wale vichekesho, Ondiek Nyuka Kwota, Makokha, Olexander, akiwa ameshtakiwa kwa jambo dogo: amepigana, ameiba kuku, amekunywa. Anasomewa mashtaka, anaulizwa ni kweli ama si kweli. Na hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu mshtakiwa wa Vioja hajui kujibu swali kwa neno moja. Ni kweli lakini. Si kweli ila kidogo. Anamuuliza hakimu maswali. Anaeleza habari za shemeji yake. Korti nzima inapinda.

Nikiwa mdogo, mama alikuwa akitoka sebuleni kila mara mshtakiwa wa pombe akipanda kizimbani. Anakumbuka kitu jikoni. Nilidhani ni dini. Mwaka huu nilipomwomba aje Kitengela kwa moja ya Jumamosi zetu, ndipo alisimulia. Muhula ule wa 1987, akiwa amekaa kwa sakafu ya yule mwenye duka, Vioja ilianza na mama mmoja wa chang'aa kizimbani. Chumba kizima kilicheka. Halafu kikageuka kumtazama yeye.

Kilichomuuma zaidi, alisema, si kicheko. Ni kwamba yule mama wa televisheni alijibu. Alibishana, alieleza, alipewa muda. Shosho alipewa maneno mawili.

Hii imeniharibia uangaliaji kidogo, lazima niseme, na pia imeufanya uwe mzuri zaidi. Watu huandika kwamba vipindi vya zamani vilikuwa safi, vya familia, visivyo na siasa. Sikubali. Kipindi kilichorushwa na stesheni ya serikali, enzi za chama kimoja, kinachoonyesha raia wa kawaida akimjibu hakimu bila woga wiki baada ya wiki, kile si kitu kidogo. Wakati huohuo, kilitufundisha kucheka mtu maskini anaposimama kizimbani. Yote mawili yako pale pale, kwenye sehemu moja ya nusu saa.

Sasa kitu kitamu. Nilitaka kaimati, na nilichagua kwa tamaa tu kabla sijajua jina linatoka wapi. Neno limetoka Uarabuni, luqaimat, vijitonge. Kwenye Ghuba bado ndiyo jina lake, na vinapikwa sana Ramadhani. Lakini kuna jina lingine la zamani la kitafunio hichohicho, luqmat al-qadi, ambalo limo kwenye kitabu cha mapishi kilichoandikwa Baghdad mwaka wa 1226. Maana yake ni tonge la kadhi. Tonge la hakimu! Nilikuwa nimesimama kwa foleni ya kununua unga niliposoma hiyo, nikacheka peke yangu mpaka keshia akaniuliza kama niko sawa.

Vipimo vyangu: vikombe viwili vya unga wa ngano, kijiko kidogo cha hamira, kijiko kikubwa cha sukari, chumvi kidogo, vijiko viwili vikubwa vya mtindi, na tui vuguvugu kiasi cha kupata mchanganyiko mzito unaovutika, mzito kuliko wa chapati za maji, mwepesi kuliko wa mandazi. Upige kwa mkono, kweli upige, dakika kumi, mpaka uanze kulia "pap pap" kwenye bakuli. Funika saa moja. Kitengela usiku kuna baridi ya tambarare, kwa hiyo mimi huweka bakuli juu ya sufuria ya maji moto. Chota kwa vidole, sukuma kwa dole gumba, kiangukie kwenye mafuta ya moto wa wastani. Mafuta yakiwa moto sana kaimati inakuwa nyekundu nje na mbichi ndani. Geuza kila wakati. Shira ni kikombe cha sukari na nusu kikombe cha maji, iliki tatu nne, na kamulio la ndimu ili isigande, ichemke mpaka ianze kunata. Kaimati zikitoka kwa mafuta zinaingia kwa shira papo hapo. Na tafadhali, kaanga kwanza, kunywa baadaye. Mafuta moto na dawa ya pili havifai jikoni moja.

Mama alinifundisha hilo la kupiga. Yeye alilipata kwa jirani Mswahili kutoka Mombasa, mke wa mfanyakazi wa reli, ambaye muhula ule wa 1987 alikuwa akimpa kaimati za kuuza stesheni. Kwa hiyo kulikuwa na biashara mbili za sukari kwenye ile reli, na moja tu ndiyo ilikuwa na kesi.

Kuhusu glasi zenyewe. Karibu na sisi kuna wale mafundi wa Kitengela Glass wanaoyeyusha glasi kuukuu na kuzipuliza upya, vikombe vizito vyenye mapovu ndani. Nina mbili tu, ni ghali. Hizo zingine ni chupa tulizokata. Na glasi, nayo, hutengenezwa kwa mchanga, chokaa na magadi, kitu kilekile kinachopita Kajiado kwa reli tangu ukoloni. Sheria ya pombe ya 2010, ile watu waliita sheria ya Mututho, ndiyo iliyofuta marufuku ya 1980. Chang'aa ikawa halali, mradi itengenezwe kwa leseni, ipimwe, na iwekwe kwenye chupa ya glasi. Miaka thelathini ya kesi ikaishia kwenye suala la chupa. Hakuna kipengele kilichorudisha mbuzi.

Sheria hiyohiyo ilibana saa za baa, saa kumi na moja jioni siku za kazi, na nadhani ilichangia kutuleta sebuleni. Ila sababu kubwa ni hizi nyumba. Kitengela ilikuwa ardhi ya ufugaji ya pamoja mpaka ilipogawanywa 1988. Halafu viwanda vya kuuza nje, EPZ, vikaja Athi River miaka ya 1990 na wafanyakazi wakahitaji vyumba, na nyua zikafuata, na pundamilia wakapoteza njia yao ya kusini. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 hapa. Wengi wetu hatuna mzee wa ukoo karibu wa kutuambia nani anywe na nani asinywe. Tuna kodi ya tarehe tano, na duka la pombe, lile tunaloita "wines", chini ya kila ghorofa.

Wiki iliyofuata nilipanda mat ya Namanga Road, nikapita Isinya, nikampelekea shosho Kajiado dawa kwenye chupa ya jemu na kaimati kwenye kontena. Alinusa kwanza, kama fundi. Akaonja. Akaniuliza imepikwa wapi na nani, nikamwambia kiwandani, Nairobi, na inauzwa kwa leseni. Akaniuliza bei ya glasi moja kule Lang'ata. Nikamwambia. Alinyamaza kidogo, akasema asali ni nzuri lakini ndimu ni ya kuficha kitu, pombe safi haihitaji ndimu.

Kisha akaiweka chini, akala kaimati nne, na kuniuliza kama yule hakimu mwanamke wa Vioja bado yuko.